UZI: Ardhi hugeuka, haisongi tu. Ushahidi uko kwa sumaku ya mawe, na sisi watu wa ikweta tuko pahali poa sana pa kupima

#1 (mleta uzi)

Wadau, tangu ile nyufa ya Mai Mahiu kwenda Narok ikate barabara 2018 kila mtu Nairobi anajua ati Afrika inapasuka, na kila mwaka hio stori inarudi kwa magrupu ya WhatsApp na ramani ile ile, kipande cha mashariki kimebanduka kinaelea Bahari ya Hindi. Sawa. Lakini kuna kitu hio ramani haionyeshi na ndio maana nimeanzisha uzi. Kipande cha ganda la dunia hakiendi tu mbele ama kando, kinaweza pia kugeuka, venye chapati inazungushwa kwa kikaango bila kutoka kwa kikaango. Ukiangalia leo huoni kitu, mlima uko pale na bonde liko pale, kumbe zamani huo mlima ulikuwa umetazama upande mwingine kabisa.

Tunajuaje? Sumaku ya ndani ya mawe.

Lava ikitoka ardhini iko digrii 1000 hivi ama zaidi na hapo haina sumaku ya kudumu. Ndani yake kuna chembe ndogo za madini ya chuma, sanasana magnetaiti. Ikipoa ikashuka chini ya digrii 580 hizo chembe zinaanza kushika mwelekeo wa uga sumaku wa dunia wa siku hio, na joto likizidi kushuka mwelekeo unafungwa hapo hapo. Hemataiti inaanza mapema, karibu digrii 675. Kila madini ina kiwango chake, na kinaitwa pointi ya Curie kwa jina la Pierre Curie. Matope ya ziwa pia yanashika, chembe zikizama polepole zinajipanga na uga halafu matope yakikauka yakawa mwamba zinabaki hivyo. Yake ni dhaifu kuliko ya lava lakini inapimika.

Sasa huo mwelekeo una pembe mbili. Ya kwanza ni ukiangalia kutoka juu, sindano ya dira inaelekea kaskazini kamili ama imeenda kulia ama kushoto, hio inaitwa deklinesheni. Ya pili ni sindano imeinama kiasi gani, inklinesheni. Inklinesheni inakupa latitudo, hesabu yake ni tanjenti ya inklinesheni ni mara mbili ya tanjenti ya latitudo, kwa hivyo Nairobi tukiwa digrii 1.3 kusini, ukichukua wastani wa maelfu ya miaka, sindano inafaa ilale karibu kabisa, digrii 2.6 tu.

Kugeuka kunaonekana kwa deklinesheni. Kwa muda mrefu wastani wa kaskazini ya sumaku ni kaskazini ya kweli, kwa hivyo ukipata mlolongo wa lava za zamani zote zinaelekeza digrii 30 kulia, basi hilo eneo limegeuka digrii 30 kama saa (yaani upande mshale wa saa unazunguka), ama kuna kitu kimekudanganya. Kazi yote ya hii taaluma, na nasema yote, ni kuondoa huo uwezekano wa pili.

#2 (mleta uzi, naendelea)

Mifano yenye haina ubishi.

Hispania na Ureno. Ile rasi yote iligeuka karibu digrii 35 kinyume cha saa kipindi cha Kretasi, zaidi ya miaka milioni 100 iliyopita, na kugeuka huko ndiko kulifungua Ghuba ya Biscay kati yake na Ufaransa. Watu walikuwa wamelikisia hilo kwa kuangalia umbo la pwani, halafu 1969 Rob Van der Voo akaleta vipimo vya sumaku ya mawe na mjadala ukabadilika kabisa.

Oregon, Marekani. Mwaka 1957 Allan Cox alipima basalti (lava nyeusi) za zamani za pwani akapata sumaku yake imepinda sana kuelekea mashariki. Wakati huo hata nadharia ya mabamba (ati ganda la dunia ni vipande vikubwa vinavyosonga) haikuwa imekubalika, kwa hivyo matokeo yakakaa tu hapo bila maelezo yenye yanashika. Leo tunajua ile pwani imegeuka kama saa na GPS inaonyesha mpaka sai bado inageuka. Mimi hio kazi ya Cox huniguza sana, jamaa alikuwa na ushahidi mkononi miaka kadhaa kabla dunia iwe na mahali pa kuuweka.

Kusini mwa California kuna milima inalala mashariki-magharibi wakati jirani zake zote zinalala kaskazini-kusini hivi. Lava zake zinasema imegeuka zaidi ya digrii 90 kama saa, na ndani ya muda usiofika miaka milioni 20. Iko kati ya nyufa kubwa zenye zinateleza kando kwa kando na hicho kipande kilibanwa katikati kikazungushwa.

Japani nayo iligeuka vipande viwili, kusini-magharibi kama saa, kaskazini-mashariki kinyume, wakati Bahari ya Japani inafunguka karibu miaka milioni 15 iliyopita.

Na sasa jirani yetu, Afar, kaskazini-mashariki mwa Ethiopia. Huko kuna mipasuko miwili, mmoja unatoka Ghuba ya Aden kupitia Djibouti na mwingine unashuka kutoka Bahari ya Shamu, na haikutani kichwa kwa kichwa, imepishana. Ardhi yenye iko kati ya hio mipasuko inavutwa huku na huku mpaka inageuka. Lava za huko zenye umri wa kama miaka milioni 2 zinaonyesha kugeuka kwa karibu digrii 11 kama saa. Digrii 11 kwa miaka milioni 2! Kwa mambo ya jiolojia hio ni mbio.

#3

Boss uzi mzuri lakini si siku hizi kuna GPS? Unaweka antena juu ya mwamba unangoja miaka kadhaa unapata kila kitu kwa milimita. Ya nini kuhangaika na drili na mawe ya zamani.

#4 (mleta uzi)

Swali zuri mkubwa na jibu ni kwamba zinapima vitu viwili tofauti. GPS inakuambia leo. Haiwezi kukuambia kama miaka milioni 5 iliyopita mwendo ulikuwa huu huu ama ulikuwa mara kumi ama ulikuwa kinyume. Mawe yanajumlisha kila kitu tangu siku yalipopoa.

Lakini pia nikubaliane na wewe pahali unafaa. Kati ya tawi letu la Bonde la Ufa na lile la magharibi la Tanganyika na Albert kuna bamba dogo linaitwa bamba la Victoria, ziwa limekaa juu yake. GPS inaonyesha linageuka kinyume cha saa ukilinganisha na Afrika iliyobaki, ila polepole mno, mbali sana na hata digrii moja kwa miaka milioni. Ukienda kupima hio kwa mawe hutaiona, kosa la kawaida la vipimo vya sumaku ya mawe ni digrii kadhaa. Kwa hivyo bamba la Victoria muachie GPS. Afar na California, mawe yana neno.

Na hapa ndio nataka watu wa Kenya waskie vizuri. Hilo kosa halilingani kila pahali. Mwaka 1953 Ronald Fisher alitoa hesabu ya kutafuta wastani wa mielekeo juu ya tufe, na data ya mfano kwa hio kazi ilikuwa ya lava za Iceland zilizopimwa na Jan Hospers. Hio hesabu inakupa duara la uhakika kuzunguka wastani wako. Tuseme duara lako ni digrii 5. Kama sindano imelala, kama kwetu, kosa la deklinesheni ni hizo 5 tu. Sindano ikiinama digrii 60, kama pahali pa latitudo ya 41, kosa linakuwa kama 10. Ikiinama 80, huko latitudo ya 70, linafika 30, hapo hata huwezi sema kama kuna kitu kimegeuka. Drili ni ile ile na maabara ni ile ile, lakini mtu wa Kenya anapata jibu lenye uhakika mara mbili ya mtu wa Hispania wa leo. Hio nafasi tumepewa bure na sioni tukiitumia inavyofaa, na inaniuma.

#5

Mimi niko kwa kwari side za Ndarugu tunakata mawe ya kujenga. Unataka kusema haya mawe yetu yako na sumaku? Na kama iko si mngekuja tu mchukue hapa, yako mengi na yamekatwa vizuri kwa mashine, hakuna haja ya drili.

#6 (mleta uzi)

Ndugu yangu iko, hayo ni majivu ya volkano yaliyogandana na yana chembe za chuma kama lava. Hata lile jiwe liko kwa ukuta wa ploti ya mtu Kasarani sai limebeba mwelekeo wa siku lilipopoa. Shida ni kwamba likishang'olewa hatujui tena upande wake upi ulikuwa juu na upi ulikuwa kaskazini. Sumaku iko ndani nzima kabisa lakini haina maana tena kwa kazi ya kugeuka.

Ndio maana kazi kubwa iko kwa shamba kuliko kwa maabara. Unakuja na drili ndogo ya petroli, ncha ya almasi, maji yanapita ndani kuipoza, unatoboa kijiti cha mwamba cha kipenyo cha sentimita 2.5. Kabla hujakivunja kutoka kwa mwamba unaingiza bomba lenye kijukwaa juu, unasoma kinaelekea wapi na kimelala kiasi gani, unachora alama kwa waya wa shaba, ndio sasa unakitoa. Ukikitoa kabla ya alama, tupa.

Na ukuta wa kwari yenu uliosimama, ule bado haujakatwa, huo unafaa sana. Fresh, haujaoza na mvua. Ukiona wanafunzi wa chuo wanakuja kuomba kutoboa kando kando tafadhali wape nafasi.

#7

Mzee hapa ni mtu wa Machakos. Plato ya Yatta mimi nimekua nikiiona, nasikia ni lava moja ndefu kuliko karibu zote duniani. Si ingetosha hio, unapima kutoka Thika mpaka kule Tsavo unaona kama imepinda?

#8 (mleta uzi)

Shikamoo mzee. Yatta ni kitu ya ajabu, karibu kilomita 300 za fonolaiti (aina ya lava), miaka kama milioni 13, ilifuata bonde la mto na sai bonde limeisha imebaki yenyewe imesimama juu. Lakini kwa swali la kugeuka ina kasoro moja kubwa, na kasoro yenyewe ndio uzuri wake, kwamba ilimwagika na kupoa ndani ya muda mfupi.

Kaskazini ya sumaku haitulii. Inatangatanga kuzunguka kaskazini ya kweli, mwaka huu huku, miaka mia mbili ijayo kule, na inaweza kuachana nayo kwa digrii 10 ama 20. Lava moja inapiga picha ya siku moja. Ukipima Yatta ukapata digrii 12 kulia huwezi kusema Ukambani imegeuka, pengine siku hio kaskazini ya sumaku ilikuwa huko tu. Hata ukitoboa mara mia tano kutoka mwanzo mpaka mwisho bado umepata picha moja mara mia tano. Unahitaji lava nyingi zilizopishana umri, zifunike angalau miaka elfu kumi na zaidi, ndio kule kutangatanga kujifute kwa wastani.

Lakini mzee umegusa kitu kingine kizuri. Kwa sababu yote ilipoa karibu pamoja, Yatta inaweza kujibu kama ncha moja imegeuka ukilinganisha na ncha ingine. Hapo huhitaji kaskazini ya kweli, unalinganisha jiwe na jiwe.

#9

Sasa nimechanganyikiwa. Si tulifunzwa sumaku ya dunia huwa inapinduka kaskazini inakuwa kusini? Utajuaje kama mwamba umegeuka digrii 180 ama ni sumaku ilipinduka?

#10 (mleta uzi)

Hili ndio swali gumu kuliko yote kwenye uzi na kwetu ni gumu zaidi kuliko Ulaya, ngoja nieleze.

Kweli inapinduka. Bernard Brunhes aliona hilo Ufaransa 1906 na Motonori Matuyama akalipa mpangilio wa umri 1929. Mapinduko ya mwisho ni kama miaka 780,000 iliyopita na yameonekana hapa kwetu kabisa, kwenye tabaka za Olorgesailie, ukienda Magadi. Na kuna kipindi cha sumaku ya kawaida (kama ya leo) katikati ya kipindi cha kupinduka, kama miaka milioni 1.8 hadi 1.9, dunia nzima wanakiita Olduvai, kwa sababu kilitambuliwa kwa lava za bonde la Olduvai hapo Tanzania mapema miaka ya 60. Wanajiolojia wa Japani na Chile wanatamka hilo jina kila siku.

Jinsi ya kutofautisha. Kule mbali na ikweta ni rahisi, sumaku ikipinduka sindano inabadilisha pia kuinama, iliyokuwa inaangalia chini inaangalia juu. Mwamba ukigeuka kwa mhimili wa wima kuinama hakubadiliki hata kidogo. Kwetu sindano imelala, kwa hivyo juu na chini hazikusaidii, na kama kipande kimegeuka zaidi ya digrii 90 unaweza kudanganyika vizuri sana. Kinga ni umri. Unapima umri wa lava kwa gesi ya agoni iliyo ndani yake, unaangalia kalenda ya mapinduko, unajua siku hio sumaku ilikuwa ya kawaida ama iliyopinduka, ndio unasoma deklinesheni. Na kama kwa mlolongo mmoja una za kawaida na zilizopinduka na zinaelekeana digrii 180 kamili, hio ni dalili nzuri sana kwamba sumaku uliyopima ni ya zamani kweli na sio uchafu wa juzi.

#11

Hi, mimi ni mwanafunzi, tunaenda field Magadi na darasa. Sisi hatuna drili lakini tutakuwa na dira. Naeza angalia nini yenye inahusiana na hii?

#12 (mleta uzi)

Poa sana dadangu, Magadi ni pahali pa kujifunza hii kitu kwa macho.

Ukishuka kutoka Corner Baridi utaona ngazi ngazi, kila ngazi ni ufa, na sakafu ya trakaiti (aina nyingine ya lava) imekatwa vipande virefu vya kaskazini-kusini. Angalia kama kipande kimelala sawa ama kimeinama. Kikiinama, sumaku yake imeinama nacho, na lazima kirudishwe kwa hesabu kwa kulalisha tabaka upya. Hapa ndio watu wengi wamepotea, mwinamo ukichanganyika na kugeuka unaweza kupata deklinesheni ya uongo. Pima mwinamo wa kila pahali, usikisie.

Alafu dira yenyewe. Iweke karibu na lava, isome, inyanyue mita moja, isome tena. Zikitofautiana ni mwamba unaivuta. Kwa hio sababu watu wa hii kazi hutumia dira ya jua, kijiti na kivuli na saa, unapiga hesabu ya jua liko wapi. Lakini kwetu saa sita mchana haifai, jua liko utosini kivuli kimeisha, sanasana Machi na Septemba. Fanya asubuhi ama jioni.

Na epuka vilele. Radi ikipiga mwamba, ule umeme unaandika sumaku mpya yenye nguvu sana juu ya ile ya zamani. Ukipitisha dira polepole juu ya mwamba kama huo utaona sindano inarukaruka ndani ya hatua mbili tatu. Kwa Ngong kule juu ningetarajia hio sana. Ukichukua sampuli za vilele unajinunulia matatizo, bora uteremke kwa korongo ama pahali barabara imekata mwamba.

Kwa maabara wana njia ya kuosha hizo sumaku za baadaye, wanapasha sampuli joto hatua kwa hatua, digrii 100, 200, 300, mpaka ipite 580, ndani ya chumba chenye uga wa dunia umezuiwa, na kila hatua wanapima kilichobaki. Sumaku laini za juzi zinatoka kwanza, ile ya kuzaliwa inatoka mwisho. Ikitoka kwa mstari ulionyooka kuelekea sifuri, hio ndio unaamini. Ile ya radi kwa kawaida wanaiondoa na uga wa sumaku wa kubadilikabadilika, hio inaisafisha vizuri kuliko joto.

#13

Mleta uzi umesema tuko pahali poa na hatutumii. Kwani hakuna mtu amewahi kupima Kenya? Na kama ungepewa drili kesho ungeenda wapi?

#14 (mleta uzi)

Wamepima, tena kitambo. Lava za Kenya na Tanzania zilianza kupimwa miaka mingi iliyopita na watu wa Chuo Kikuu cha Nairobi wamekuwa ndani. Kazi ya karibuni ninayoiheshimu sana ilitoka 2010, Neil Opdyke na wenzake wakiwemo wa Nairobi, walichukua lava za Mlima Kenya na za karibu na Loiyangalani zenye umri wa chini ya miaka milioni 5. Lakini swali lao lilikuwa lingine, walitaka kujua uga sumaku wa dunia ulikuwa na tabia gani kwenye ikweta, na ukitaka kujua hilo unatafuta ardhi yenye haijasumbuliwa. Mimi nataka iliyosumbuliwa.

Ningeenda Turkana. Angalia ramani, ufa wa Ethiopia unashuka kutoka kaskazini, wetu unapanda kutoka kusini, na haijanyooka mmoja mbele ya mwingine, zimepishana na katikati kuna lile bonde pana la ziwa. Ni ule mpangilio wa Afar, ila umezeeka zaidi na umekaa polepole. Magharibi ya ziwa kuna basalti za zaidi ya miaka milioni 20, mashariki kuna za kama milioni 4. Ningechukua za zamani pande zote mbili, milolongo mirefu, kila lava vijiti sita ama nane, mwinamo umepimwa kila pahali, umri umepimwa, halafu nilinganishe na zile changa. Zikitofautiana kwa deklinesheni, hio tofauti ni kugeuka kulikotokea katikati. Zikilingana, tunajua bonde limenyooshwa tu bila kuzungushwa, na hilo pia ni jibu la maana sana kwa mtu anayechora upya vile ufa ulifunguka.

Kibali cha utafiti cha NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi) kwanza, na mazungumzo na wazee wa pale kabla ya kuwasha drili. Maji ya kupoza ncha ndio gharama kubwa, huko utayabeba mwenyewe. Mwenye gari ya kupanda mawe na anapenda hii kitu aniandikie inbox.